Barua ya wazi kwa wakubwa wa Tanga: Komba wa Raskazone hauawi na gari

Kwa Mkurugenzi wa Jiji, wenye barabara, wenye nguzo za umeme, maofisa mipango miji, misitu na wanyamapori,

Waheshimiwa,

Wengi wenu ni sawa na wanangu, kwa hiyo shikamoo ningeisubiri kutoka kwenu. Lakini mihuri mnayo nyinyi, basi nimeona nitangulie kubisha hodi.

Mimi ni mpimaji ardhi mstaafu. Miaka thelathini na kitu nimeutembea mji huu na vijiji vyake vya kando, kwanza na mnyororo, baadaye na tepu, mwishoni na vile vyombo vya setilaiti ambavyo vijana huvibonyeza kama simu. Bikoni, yale mawe ya kuonyesha mipaka, nilizozika Tanga, nikiambiwa leo nikazionyeshe zote, umri uliobaki hautoshi. Naitaja kazi yangu mapema ili asije akatokea mtu akasema barua hii imeandikwa na mzee anayechukia ujenzi. Ujenzi ndio ulionilisha na kunisomeshea watoto. Na sehemu ya kosa ninalolileta kwenu, kama mtakavyoona, ni langu.

Nimekuja kwa ajili ya komba.

Najua kuna walioanza kucheka. Chekeni kidogo, nitawasubiri. Komba ana bahati mbaya ya kuwa mnyama wa mzaha kwetu sisi watu wa pwani. Mtu akilewa chakari tunasema kalewa kama komba, maana tangu enzi za mababu komba hupanda mnazi usiku, akatumbukiza mdomo kwenye kibuyu cha mgema, na asubuhi mgema akakuta tembo limepungua na manyoya yanaelea. Watoto wakorofi hutishwa naye, kwa kuwa mlio wake usiku wa manane ni kilio cha mtoto mchanga aliyeachwa nje. Hata sisi watu wazima, umeme ukiwa umekatika, mioyo hutupiga kidogo kabla ya kusema “aah, komba huyo.”

Zaidi ya hapo hatumjui. Komba huyu mkubwa wa pwani ana uzito wa kama robo tatu ya kilo, mkia mnene ambao ungemfaa mnyama mara mbili yake, na macho ambayo ukiyamulika tochi huwaka kama makaa mawili juu ya mti. Mchana hulala kwenye pango la mti au katikati ya majani yaliyosongamana. Magharibi ikiingia hutoka kutafuta matunda na wadudu, karibu nusu kwa nusu. Jike hubeba mimba kwa siku 130 hivi, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, mapacha ni mara chache. Hicho kimoja kwa mwaka naomba mkishike, nitakirudia.

Anayeijua Raskazone anajua kwa nini wako pale. Ukitoka mjini kwa Barabara ya Hospitali, ukapita Bombo na kuendelea na ufuko, unaingia kwenye viwanja vilivyokatwa enzi za Mjerumani na Mwingereza: kiwanja kikubwa, nyumba moja katikati, miti pembeni. Siwasifu hao waliokata. Kivuli walijipandia wao, na aliyekuwa akimwagilia alikuwa babu yetu. Lakini miti haikujua siasa. Miembe, mikungu, mikwaju, mikrismasi na mibuyu iliyokuwepo kabla ya wote, ilikua mpaka matawi ya upande huu wa barabara yakashikana na matawi ya upande ule. Kwa hiyo mtaa ukawa na barabara mbili. Ya chini yetu sisi, baiskeli na bodaboda. Ya juu ya komba. Ya chini ninayo ramani yake kabatini mpaka leo. Ya juu hakuna aliyeichora.

Mji wetu umezoea kuitwa mji wa waja leo waondoka leo. Komba si mja leo.

Sasa niwaeleze kilichotokea, nao ni mfano mmoja tu, kipande cha barabara kisichozidi hatua mia. Sitataja namba ya kiwanja wala ofisi, kwa sababu sikuja kumchongea mtu. Upande wa bahari palikuwa na mkwaju mzee. Upande wa pili, ndani ya ua, kuna mwembe dodo. Miti hiyo miwili ilishikana juu ya lami, na usiku, ukikaa kimya kwenye kibaraza, ulikuwa unasikia majani yakitikisika kutoka kushoto kwenda kulia, kishindo kidogo, kimya, halafu kishindo kingine upande wa pili. Familia nzima imepita juu ya kichwa chako na hukuona kitu.

Kabla ya masika ya mwaka jana mkwaju ukapigwa alama ya X nyekundu, kama tunavyopigiwa nyumba zetu. Siku ya tatu wakaja watu na msumeno wa mota. Mpaka adhuhuri kazi ilikuwa imekwisha na kenta imeshapakia kuni. Nilikwenda kuuliza. Nikajibiwa kwamba mti uko ndani ya hifadhi ya barabara na matawi yanagusa waya. Yote mawili yalikuwa kweli, na la hifadhi ya barabara nilikuwa nalijua kuliko aliyenijibu. Lakini tawi lililogusa waya lilikuwa moja. Mkononi mwa fundi anayejua kupogoa, ile ilikuwa kazi ya saa nzima, ngazi na panga. Mkwaju ule ulikuwa mkubwa nilipokuwa mdogo.

Septemba, alfajiri moja, natoka msikitini naikokota baiskeli kwa sababu taa yake iligoma. Nikaona kitu kwenye lami, nikadhani ni fulana imeanguka kwenye bodaboda. Nilipoinama nikakuta ni komba jike. Kalala ubavu, mkia umenyooka juu ya mstari mweupe wa katikati kama umelazwa hapo kwa makusudi. Damu kidogo puani, basi. Sijawahi kukishika kiganja cha komba maishani, siku hiyo nilikishika. Vidole vitano, kucha bapa, ngozi ya ndani nyeusi yenye mikunjo kama ya kwangu, imegandwa na utomvu. Kwenye mguu kidole kimoja tu ndicho kina ukucha mrefu uliochongoka, wa kujichania manyoya. Alinuka mkojo, na hilo nililijua: komba hujipaka mkojo viganjani, hivyo kila tawi analopita anaacha anwani yake.

Mlinzi wa nyumba ya jirani alitoka getini na tochi. Kijana wa Muheza, mkulima mzuri aliyekimbilia ulinzi. Alimgeuza yule komba kwa upole, akatazama kifuani, chuchu zimejaa. Akasema, “Mzee, huyu kaacha mtoto juu.”

Hivyo ndivyo wanavyofanya. Mama humbeba mtoto kwa mdomo, humweka kwenye panda la mti, huenda kutafuta riziki, hurudi kunyonyesha. Usiku ule tukamsikia, ndani ya mwembe, mlio mwembamba wa kukatika-katika kama mtu anayepitisha ukucha kwenye meno ya kitana. Mlinzi alipanda mpaka alipoweza, mwembe ule ni mrefu, hakuona kitu. Usiku wa pili mlio ulikuwepo lakini umepungua. Usiku wa tatu palikuwa kimya, na mlinzi akawasha redio.

Jumamosi iliyofuata nilitoa tepu yangu kabatini, na timazi, ile kamba yenye uzito nchani. Nilifanya kazi niliyoifanya maisha yangu yote, safari hii bila mteja. Timazi ikashuka kutoka ncha ya tawi la mwembe mpaka chini, tukaweka jiwe. Tukavuka barabara hadi mti unaofuata upande wa bahari, mkungu uliokuwa nyuma ya mkwaju, tukashusha timazi pale, tukaweka jiwe jingine. Mlinzi akashika mwanzo wa tepu. Mita kumi na saba na robo. Hapo zamani kipimo hicho kilikuwa sifuri.

Hakuna komba anayeruka mita kumi na saba. Kwa hiyo anafanya nini? Anafika kwenye ncha ya tawi alikopita mama yake na bibi yake, anasita, kisha anashuka chini. Na chini komba si komba tena. Yule anayeteleza matawini kama maji, akikanyaga ardhi huruka-ruka kwa miguu ya nyuma kama kangaruu. Taa za gari zikimpiga kwenye macho yale makubwa yaliyoumbwa kwa giza, anasimama. Dereva wa daladala ya mwisho anayewahi kulala nyumbani hana hata muda wa kumwona.

Ndiyo maana kwenye kichwa cha barua nimesema hauawi na gari. Aliuawa siku ile ya msumeno. Gari lilikuja kumalizia kazi baada ya miezi kadhaa. Mkihesabu maiti za barabarani mtalaumu madereva, na madereva wana makosa yao ya kutosha bila kuongezewa hili.

Na hapa ndipo kosa langu linapoingia. Nilipoanza kazi, ukipima eneo kabla ya kugawa viwanja, ulichora kila kitu kilichosimama juu yake: kisima, kaburi, njia ya miguu, mti mkubwa. Mti mkubwa ulikuwa na alama yake kwenye ramani. Mchora mipango miji akiiona alama ile alikuwa huru kuidharau, lakini angalau ameiona. Baadaye kazi ikawa ya haraka. Mteja analipia mpaka, halipii mti. Tukaanza kuleta ofisini karatasi yenye bikoni nne na namba, ndani nyeupe pe, kana kwamba eneo lote ni sakafu iliyofagiliwa. Nimesaini karatasi kama hizo nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Kiwanja kilichokuwa kimoja tulikikata kikawa vinne, kila mwenye robo yake akajenga ukuta, na ili ajenge ukuta akaondoa mti uliokuwa mpakani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyevunja sheria. Kibali anacho. Mchoro wake hauonyeshi mti, basi mti haupo.

Mtaniambia kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kuna tathmini ya athari kwa mazingira. Naijua. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Uganda linalokuja kuishia hapa Chongoleani lilifanyiwa tathmini ya kurasa nyingi. Lakini komba wa mjini haumizwi na mradi mmoja mkubwa. Anaumizwa na ukuta wa huyu, kibanda cha yule, nguzo iliyosogezwa, tawi lililozuia bango la biashara. Vitu vya siku moja, vya kumaliza kabla ya chakula cha mchana, visivyopita kwenye meza yoyote.

Mtaniambia pia kwamba komba si mnyama wa kutoweka. Kweli. Wako wengi kutoka Somalia kushuka pwani yote hii, na anayetaka kuwasikia aende Amani akalale usiku mmoja Usambara, atakosa usingizi. Lakini rudini kwenye ile hesabu ya mtoto mmoja kwa mwaka. Kwenye mtaa wenye majike machache, kila jike linalokufa Septemba ni mwaka mzima umefutwa, wake na wa mtoto. Na komba wa Amani hawezi kuja kujaza nafasi Raskazone. Aje kwa njia gani? Ndiyo hiyo tunayoikata.

Na wapo wa tatu, watakaosema: mzee, watu hawana maji ya uhakika na wewe unalilia komba. Hawa ndio nawaheshimu zaidi. Jibu langu ni kwamba ninachokiomba hakipunguzi bomba hata moja la maji. Sehemu kubwa ni wino na kamba.

Tena si jambo la kubuni. Ng'ambo ya maji tu hapo, Unguja, barabara ya Jozani ilipowekwa lami magari yalianza kuua kima punju, mnyama ambaye duniani kote hapatikani nje ya Zanzibar. Wakajenga matuta manne. Vifo havikwisha, lakini vilipungua, na matuta ni udongo na lami tu. Kaskazini kwetu, ukivuka Horohoro na Lungalunga mpaka Diani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wamefunga madaraja ya angani juu ya barabara ya ufukweni, kama ngazi iliyolazwa hewani kutoka mti hadi mti. Mbega, kima na tumbili wanapita juu, matatu zinapita chini. Huko huko wamefanya kazi na watu wa umeme, kupogoa matawi na kuvika waya zinazoua. Na sote tumepita Mikumi, ambako barabara kuu ya kwenda Iringa hukata hifadhi kwa kilomita 50 hivi: kikomo cha mwendo, matuta, na bango la faini kwa kila aina ya mnyama. Abiria husoma bango lile kwa sauti na kucheka bei ya twiga, lakini dereva amepunguza mwendo.

Mpwa wangu mmoja anaishi Uingereza. Siku moja alinisimulia kwamba jirani yake alitaka kuongeza chumba uani, akasimamishwa kwa sababu ya shimo. Shimo la nini? La mnyama aitwaye badger, ndugu wa mbali wa nyegere wetu, mwenye mistari myeusi na myeupe usoni, anayeishi kwa ukoo mashimoni, na mashimo mengine hurithishwa kwa vizazi na vizazi. Wapo hata chini ya bustani za mijini. Kule wana sheria ya mwaka 1992 ambayo hailindi mwili wa mnyama peke yake, inalinda na tundu lake. Ukitaka kulifukia unaomba kibali, na kibali hutolewa kwa miezi ambayo hakuna vichanga ndani, kuanzia Julai mpaka Novemba. Barabara mpya ikikata njia yao, huwekewa tundu chini ya lami na uzio wa kuwaelekeza humo. Hata hivyo barabara zinawaua wengi mno, makadirio yanayotajwa sana ni kama 50,000 kwa mwaka. Kwa hiyo sisemi wao wameshinda. Ninachokiona cha maana ni hiyo fikra ya kulinda tundu. Sisi sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2009 inanikataza kumkamata komba bila kibali, na ni sawa. Lakini mkwaju wake, ambao ndio nyumba na ndio njia, yeyote mwenye msumeno anauondoa asubuhi na kunywa chai saa nne.

Ninachowaomba, basi.

La kwanza na lililo kubwa kwangu ni kurudisha mti kwenye ramani. Mchoro wa kiwanja usipokelewe, na kibali cha ujenzi kisitolewe, kama hauonyeshi miti mikubwa iliyosimama, na matawi yake yanafika wapi. Ni kazi ya nusu saa kwa mpimaji aliye tayari uwanjani. Mwenye kiwanja anaweza bado kuruhusiwa kukata, sisemi mti uwe mfalme, lakini awepo ofisa aliyeuona na kuweka saini. Mimi naamini kabisa kwamba nusu ya miti iliyokwenda isingekwenda kama ingehitaji saini ya mtu mwenye jina.

Pale ambapo miti ya pande mbili za barabara bado imeshikana, na bado ipo, nendeni mkaihesabu kabla ya wengine, ipogolewe badala ya kukatwa. Kupogoa nako kuna majira yake. Pwani hii ya kaskazini komba wengi huzaa kati ya Agosti na Oktoba, basi miezi hiyo msumeno upumzike, labda kama mti unaangukia nyumba ya mtu.

Pale ambapo imeshaachana, fungeni kamba. Hili nalisema nikiona aibu kidogo, maana hapa ni Tanga. Mkonge uliingia nchi hii mwaka 1893 hapo Kikokwe, Pangani, inasemekana miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na katika miaka ya 1960 tulikuwa tunauza zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Meli za dunia zilifungwa kwa kamba zetu. Mji huu ushindwe kufunga mita kumi na saba? Mafundi watawaambia mkonge huoza kwa mvua, nao wana haki. Misimu miwili ya masika itaumaliza. Basi uti wa kati uwe waya wa chuma na mkonge uzungushwe juu kwa ajili ya kushikika, au tumieni nailoni ya wavuvi, sitanuna. Na kama kuna anayeuliza komba atajuaje kuipita, nimewaona kwa macho yangu wakipita juu ya waya wa simu, mmoja mmoja, mkia ukiyumba kama mcheza sarakasi. Bahati ni kwamba ulikuwa wa simu.

Maana wa umeme ni habari nyingine. Wenye nguzo wanazo zile waya nyeusi zilizovikwa na kusokotwa pamoja, wameshaziweka mitaa kadhaa. Kwenye mitaa yenye miti mirefu zianze huko. Kila komba anayeungua kwenye nguzo mnajua nyinyi wenyewe analala giza nani.

Matuta naomba mawili tu Raskazone, si ishirini. Mtu wa Tanga anaendesha baiskeli, na tuta lililojengwa na asiyewahi kupanda baiskeli ni adui wa mgongo. Mahali pa kuyaweka naweza kuwaonyesha.

Jambo dogo lakini lisisahauliwe, kwa kuwa barabara ya Pangani inayoteremka hadi Saadani na Bagamoyo ndiyo kwanza inashika kasi: huko wanaovuka wengi ni wa chini, fungo, nguchiro, nungu, kobe, na huyo nyegere mwenyewe ambaye mjini hatumwoni. Makalavati mnayajenga hata hivyo kwa ajili ya maji. Yakiachwa na ukingo mkavu upande mmoja, mnyama anapita kiangazi na masika. Aliye na mchoro bado mezani anaweza kuongeza ukingo ule kwa penseli.

Na kwa wananchi wenzangu watakaosoma hii kabla ya wakubwa: komba aliyeumia msimshike kwa mkono mtupu, anauma vibaya, na msimfuge. Mtoto wa komba kwenye sanduku la viatu ni wa kupendeza kwa wiki moja.

Waheshimiwa, sihitaji kujibiwa kwa barua. Zile mita kumi na saba na robo nimezichora, pamoja na miti yote iliyobaki kuanzia kona ya pwani mpaka mwisho wa lami, kipimo cha moja kwa mia tano, mti mmoja mmoja na upana wa matawi yake. Nimeyahesabu mapengo yote. Ramani hiyo iko tayari, na sidai malipo, mumpe tu yule kijana wa Muheza nauli, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika tepu usiku na mchana.

Lakini kabla ya kuichukua, njooni kwanza mkae. Siku yoyote isiyo na mvua, saa mbili na nusu usiku, kwenye kibaraza changu. Magari yaachwe mbali, na tochi zenu zifungwe kitambaa chekundu, mwanga mweupe huwaumiza. Kahawa ipo, na haluwa. Kwenye saa tatu hivi mwembe huanza kutikisika kutoka juu kuja chini, kisha kunakuwa na kimya kirefu kwenye lile tawi la mwisho. Mlinzi ameshapata kawaida: akisikia kimya kile anatoka getini, anasimama katikati ya lami na tochi yake nyekundu, anainua mkono kusimamisha gari lolote linalokuja, mpaka komba avuke.

Wenu,
Mpimaji mstaafu,
Raskazone, Tanga